Tulivyojenga bodi ya Dreamliner kwa nyuzi za katani

Ukutani kwa klabu yetu ya sayansi hapa Korogwe tulibandika picha ya Dreamliner ya Air Tanzania, ile ndege ya Boeing aina ya 787-8 iliyoanza kuwasili nchini mwaka 2018. Msichana mmoja akaikaribia, akauliza, "Mwalimu, mbona bodi yake ni laini hivi? Ribiti za kuungia mabati ziko wapi?" Swali zuri mno kulijibu kwa chaki. Nikasema tutaijenga.

Bodi ya 787 haiungwi kwa mabati ya alumini. Kipande kizima cha mviringo hutoka kwa mkupuo mmoja. Kalibu kubwa yenye umbo la pipa huzungushwa, huku mashine ikiibandika tepe za nyuzi za kaboni zilizokwisha kuloweshwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Kisha huingia katika tanuri lenye mgandamizo, joto likafika kama nyuzijoto 180 za Selsiasi, gundi ikaganda. Madirisha hukatwa baadaye. Boeing, watengenezaji wa ndege hiyo, walieleza kwamba kipande kimoja cha namna hiyo huondoa haja ya mabati 1,500 na ribiti kati ya 40,000 na 50,000.

Kaboni hatuna, ila katani imetuzunguka. Tulichambua nyuzi, tukazichovya kwenye gundi nyeupe ya maseremala, tukaanza kuzungusha. Tabaka la kwanza lilikwenda mduara, la pili mshazari kulia, la tatu mshazari kushoto. Hapo nilisisitiza sana, kwa sababu ndiyo siri yenyewe: uzi una nguvu kwa kufuata urefu wake, ukiuvuta kwa ubavu hauna kitu.

Kazi ngumu ni kuitoa kalibu, maana gundi ikikauka huing'ang'ania. Kalibu ya Boeing imeundwa kwa vipande vinavyofunguliwa na kutolewa kwa ndani. Nasi tukapanga fito kuzunguka mti mmoja wa katikati, tukazifunika kwa nailoni, ndipo tukazungushia katani. Gundi ilipokauka tukachomoa mti, fito zikalegea na kuangukia ndani. Watoto walipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja. Tulilisimamisha bomba lile, tukaliwekea ndoo ya maji juu, likatulia.

Wanafunzi niliwagawa makundi, kila kundi na kona yake, kwa kuwa ndivyo ndege yenyewe inavyotengenezwa. Mabawa hutoka Nagoya, Japani. Sehemu ya bodi hutoka Grottaglie, Italia. Pua hutoka Wichita, Marekani. Vipande vya ng'ambo husafirishwa na Dreamlifter, ndege nne za mizigo za Boeing 747 zilizopanuliwa mgongo, ambazo mkia wake hufunguka kwa kuzungushwa kando ili mzigo uingie. Safari ambayo kwa meli ingeweza kula mwezi, humalizika kwa siku moja.

Lakini vipande vya mafundi waliotengana lazima vikutane. Ndege ya kwanza ya 787 ilipounganishwa mwaka 2007, pua na kipande kilichofuata viliacha pengo la milimita chache, na mafundi ikabidi walirekebishe. Ndiyo maana niliyapa makundi yote pete moja ya plaiwudi ya kupimia, wakaipitisha kwenye kalibu zao kabla ya kugusa gundi. Mezani vipande vilikutana, hata ukucha haukupita. Mwalimu ukitaka kujaribu, kata pete kwanza, fito zifuate.