Siku moja na chulebuni, Moshi

Saa 2 asubuhi. Sijavaa hata koti la maabara, mlinzi ananiita: kuna mama katoka Uru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hizi."

Anafungua gazeti. Buni za kijani zina madoa meusi yaliyobonyea, nyingine zimekauka zote. Chulebuni hiyo, ugonjwa wa buni unaoletwa na kuvu aitwaye Colletotrichum kahawae. Afadhali kazifunga kwa gazeti. Kwenye nailoni zingefika uji.

Saa 3. Nakata vipande vidogo ukingoni mwa doa, pale penye uzima panapokutana na palipokufa. Nachovya kwenye jiki iliyozimuliwa, nasuuza, napandikiza kwenye agari ya viazi, ile jeli ya kumlisha kuvu.

Saa 5. Sahani za wiki iliyopita. Kuvu hana meno, ana vimeng'enya, yaani protini za kuyeyushia chakula. Kijimbegu chake hunata kwenye ganda la buni, huota kidude cheusi cha kutobolea, kisha vimeng'enya vinamwagwa: kutinasi kwenye ngozi ya juu, pektinasi kwenye gundi inayoshikanisha seli, selulasi kwenye kuta zenyewe. Sahani hizi zina agari yenye selulosi, kitu kinachojenga kuta za seli. Basi namwaga juu yake rangi nyekundu inayong'ang'ania selulosi, nasubiri dakika 15, nasuuza kwa maji ya chumvi. Sahani inabaki nyekundu, ila kumzunguka kuvu kuna duara lililopauka. Hapo selulosi imeshaliwa. Napima kwa rula.

"Dada, mwenye duara kubwa ndiye mkali zaidi?" anauliza kijana wa fildi.

Wote huuliza hivyo, na vitabu vingine vinawaponza. Mwaka 1990 watafiti waliharibu jeni la pektinasi moja ya Cochliobolus carbonum, kuvu wa mahindi. Akaendelea kushambulia mahindi kama kawaida. Mwaka 1998 kuvu mwingine, Botrytis cinerea, akafanyiwa vivyo hivyo, na madoa yake kwenye nyanya yakapungua kuenea. Kuvu ana vimeng'enya vingi, kimoja kikikosekana huenda kingine kikashika zamu. Duara linanionyesha anavyokula chakula nilichompikia mimi. Ukali tunauona kwenye mmea.

Saa 7, mtori. Nusu saa tu.

Saa 8. Tunanyunyizia vijimbegu kwenye vishina vya miche michanga ya kahawa, tunaifunika ibaki na unyevu. Majibu baada ya wiki kadhaa, kijana anaguna.

Saa 10. Nampigia mama. Achume buni zote zenye madoa azitoe shambani, apogoe mibuni ipitishe hewa.

"Na dawa?"

Za shaba zipo, ila hupigwa kabla ya kuvu kuingia ndani ya buni. Ananyamaza kidogo, kisha anauliza miche ya chotara, ile inayostahimili chulebuni, inapatikana wapi.