"Soccer" ni neno la Uingereza

Jana nimempeleka mwanangu mazoezini hapa Columbus, Ohio. Nikamuuliza kocha wapi nitapata "boots", akadhani nataka viatu vya theluji. Njumu wao wanaziita "cleats". Mechi ikitoka sare ni "tie", na uwanja ni "field", si "pitch".

Hayo yanazoeleka. Kilichoniuma ni mzazi mmoja Mwingereza aliyewabeza Wamarekani kwa kusema "soccer". Jamani, neno hilo limezaliwa kwao! Chama cha soka cha England kilianzishwa 1863, mchezo ukaitwa "association football" kuutofautisha na raga. Wanafunzi wa huko huko wakalifupisha "association", ikapatikana "soccer". Nasi tukapata soka yetu, ya redioni na vijiweni. Nilimweleza yote pale pale kando ya uwanja.