Muhula Mmoja Mombasa, kwa Anayetokea Tanga au Dar

Ukitoka Tanga kwenda kusoma Mombasa, lugha inakulaghai. Unaona Kiswahili ni kile kile, unadhani na mambo mengine ni yale yale. Mimi nilijipangia muhula wangu kama mtu anayekwenda nchi ya mbali, na sikujuta.

Anza na nyaraka. Pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na barua ya chuo vikae mkononi, visiingie kwenye begi linalokwenda chini ya basi. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa kadi inaanza kutambulika siku ya kumi. Ukishachanjwa, kadi ni ya maisha. Wengi huijutia wakati wa kurudi, maana Tanzania humdai kadi hiyo msafiri anayetoka Kenya. Pale Horohoro na Lunga Lunga mpaka ni wa huduma za pamoja, hivyo mihuri ya kutoka na kuingia unaipata sehemu moja. Afisa akiuliza unakwenda kufanya nini, sema masomo na utoe barua. Usijibu "kutembea" kwa kuona ni mkato, kwa sababu kibali cha mwanafunzi utakachoomba baadaye hakitaoana na ulichosema mpakani. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipii ada ya kibali hicho, ila ni lazima akiombe, na pa kuanzia ni ofisi ya chuo inayoshughulikia wageni.

Siku ya kwanza, kabla hata ya chumba, sajili laini ya Safaricom kwa pasipoti na ufungue M-Pesa papo hapo. Angalia majina yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwani ukisahau namba ya siri ndiyo watakayolinganisha. Nyumbani wanaweza kukutumia kutoka M-Pesa ya Vodacom moja kwa moja, kwa hiyo huna haja ya kubeba bunda la noti wala kubadilisha zote kwa vijana wa mpakani. Nilibadilisha za kula na nauli tu, na nilihesabu mwenyewe kabla sijatoa zangu. Mjini usitoe pesa kwa wakala kila mara, uliza "mna till?", yaani namba ya duka ya kulipia kwa simu. Mnunuzi anayelipa kwa till hakatwi, ila kwa wakala unakatwa. Na chunga masikio: kwa aliyezoea maelfu, "mia mbili" inasikika kama bure. Zidisha kwa 20 hivi upate shilingi za Tanzania, ndipo ukubali bei.

Chumba. Hapa Mtanzania atafurahi, kwa sababu hakuna kudaiwa kodi ya miezi sita. Unalipa mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, basi. Anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa atafute Tudor kwenyewe, kilipo chuo, aende kwa miguu. Chumba chenye choo na pa kupikia ndani wanakiita bedsita. Usitume hata shilingi ya "kuangalia chumba" kwa mtu uliyempata kwenye simu.

Lakini swali la kwanza kwa mwenye nyumba lisiwe kodi. Liwe maji. Kisiwani maji ya bomba hayana uhakika, na majumba mengi yanategemea kisima, na visima vingi vina chumvi. Fungua bomba, onja kidogo, kisha sugua sabuni mkononi. Isipotoa povu, umejua. Maji hayo yanafaa kudeki na kusukuma choo, hata kuoga ukizoea, ila chai haitanyweka, na birika la umeme litashika chokaa ndani ya wiki chache. Maji matamu yanaletwa kwa mkokoteni kwenye mitungi ya lita 20. Mtungi mmoja ulinitosha siku tatu kwa kupika na kunywa, na ya kunywa niliyachemsha. Nunua mitungi yako miwili yenye vifuniko vinavyobana: mmoja unatumika, mwingine unangoja. Umeme, au stima kama wanavyouita, ni kama LUKU: unalipa kwa M-Pesa, paybill 888880, namba ya mita ndiyo akaunti, tokeni inakuja kwa ujumbe. Uliza kama mita ni yako peke yako. Ukichangia na jirani mwenye friji, mtagombana tu.

Barabarani bajaji inaitwa tuktuk, daladala ni matatu, na ukitaka kushuka sema "shukisha". Feri ya Likoni ni bure kwa mwenda kwa miguu. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kusubiri ndiko kunakokula muda, kwani asubuhi umati unaingia kisiwani na jioni unarudi Likoni. Ndiyo maana chumba cha bei poa Likoni kina gharama yake kwa mwenye kipindi cha saa mbili asubuhi. Kwa Diani, vuka Jumamosi asubuhi, unakwenda kinyume na umati. Ukishuka, panda matatu ya Ukunda, kisha tuktuk hadi ufukweni. Mwenye mizigo mikubwa aulize mapema kama basi lake linapita ferini au linazungukia Dongo Kundu na kutokea Miritini.

Nairobi nilikwenda kwa treni. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti. Kosa la wengi ni kudhani stesheni iko mjini. Iko Miritini, na foleni ya Changamwe haina huruma. Ongeza ukaguzi, ambapo mabegi yanapangwa chini yanuswe na mbwa kisha yapite kwenye mashine. Kwa treni ya 15:00, yaani saa tisa, toka Tudor saa sita na nusu. Kisu cha jikoni kiache chumbani.

Lililobaki ni alama, nalo ndilo linaloumiza mtu akiwa ameshafika kwao. Vyuo vingi vya Kenya vinahesabu D kuwa ni 40 hadi 49, na ni kufaulu. Katika vyuo kadhaa vya kwetu, mathalani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 40 hadi 49 ni C, na D ni kufeli. Mwanafunzi aliyepata 47 Mombasa anarudi na herufi ambayo ofisi ya nyumbani inaisoma kama amefeli. Dawa yake ni mbili: makubaliano ya masomo yaliyosainiwa na vyuo vyote viwili kabla ya safari, yenye jedwali la kulinganisha madaraja, na nakala ya matokeo inayoonyesha asilimia kando ya herufi. Iombe kabla hujaondoka. Matokeo hutoka wewe umeshavuka Horohoro, kwa hiyo niliacha barua ya idhini yenye sahihi yangu na nakala ya pasipoti kwa mwanafunzi mwenzangu, akanichukulia.