Paa la Nowicki, lililojengwa kwa ajili ya ng'ombe

Jamani tangu juzi sijatulia, nimekesha naangalia picha za Dorton Arena, ukumbi mkubwa ulioko Raleigh, North Carolina, Marekani, kuna mbunifu majengo mmoja Mpolandi anaitwa Maciej Nowicki ndo aliuchora mwishoni mwa miaka ya 40, akisaidiana na injinia Fred Severud upande wa mahesabu.

Sasa sikia ilivyokaa. Kuna matao mawili makubwa ya zege, yamelala kila moja upande wake na yanapishana karibu na ardhi, ukiyaangalia unasema haya yanadondoka sahivi. Ila katikati kuna kebo za chuma zimevutwa toka tao hili hadi lile, tao linataka kuanguka nje, kebo zinalirudisha, na hizo hizo kebo ndo zimebeba paa, lina mbonyeo kama tandiko la farasi. Ndani hamna nguzo hata moja! Halafu kazi yake ya mwanzo ilikua maonyesho ya mifugo, yaani ng'ombe walipata jengo kali kuliko ofisi zetu nyingi tu.

Kinachoniuma, Nowicki mwenyewe hakuliona jengo limekamilika. Agosti 1950 alikua anarudi toka India kwenye kazi ya kupanga mji wa Chandigarh, ndege ikaanguka Misri, alikua na miaka 40 tu. Jengo likamaliziwa na wenzake mwaka 1952. Mbunifu majengo Mjerumani Frei Otto aliiona michoro ya jengo hili ofisini kwa Severud akiwa bado mwanafunzi, na baadae akaja kujulikana kwa paa zake zilizokaa kama mahema.