Java ya moduli: wazo si gumu, ni vyombo njo vinafukuza batu

Bandugu, tuongelee kidogo hii mambo ya Java ya moduli, ni kusema kuandika programu mu luga ya Java kwa vipande (moduli), juu kila mara nikiitaja kati ya badevelopa wa hapa Lubumbashi bengi banakimbia, banasema ile ni kitu ya makampuni makubwa ya Ulaya, sisi tujiendee na jar moja kubwa, ni faili ya programu ya Java, mwenye kuwa na kila kitu ndani, basi. Mimi nakataa. Kugawa programu vipande, kila kipande kiseme kinatoa nini na kinahitaji nini, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anashika. Kinachofukuza batu ni vyombo, na zaidi sana ni namna vyombo vinakuambia kwamba kuna kitu kimekatala.

Tuchukue OSGi, mfumo wa kugawa programu ya Java kwa moduli. Ilianza 1999, ikifikiriwa kwanza kwa vifaa vidogo vya nyumbani vyenye kuungwa na mtandao, halafu mu 2004 Eclipse 3.0, chombo cha kuandikia kodi, ikajengwa juu yake, hapo njo iliingia ku mashine za badevelopa wa kila inchi. Mule ndani kila moduli iko na klasiloda yake (yenye kupakia kodi yake), haioni pakiti (mafungu ya kodi) za moduli ingine mpaka ile ingine izitangaze ku Export-Package na yako iziombe ku Import-Package mu manifesti, faili ya maelezo ya moduli. Faida yake ni kubwa kweli, matoleo mawili ya maktaba moja yanaweza kutembea pamoja mu programu moja bila kugombana, na unaweza kuzima moduli moja na kuweka mpya bila kuzima zingine.

Sasa kijana anaweka moduli yake mu Apache Karaf, programu yenye kuendesha moduli za OSGi, anaiamsha, inamurudishia: missing requirement, osgi.wiring.package, mabano, alama ya &, mabano tena, version>=1.2.0, mabano, alama ya mushangao, version>=2.0.0. Mwenye amezoea anasoma mara moja: moduli inatafuta pakiti fulani, toleo kuanzia 1.2 lakini isifike 2. Mutu wa siku ya kwanza anafunga ordinatere na anarudia jar yake kubwa, na simulaumu hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba mashine ilikuwa tayari na jibu! Inajua moduli zote zenye kuwa mule, inajua kama pakiti ile iko lakini ku toleo 2.1, inajua pia nani anaitoa. Ingesema tu: "moduli ya faktire inatafuta pakiti ya tarifu, toleo 1.2 mpaka chini ya 2, yenye iko ni 2.1, imetolewa na moduli hii." Sentensi moja, na kijana angejua aguse wapi. Karaf iko na amri ya bundle:diag yenye kusaidia kiasi, lakini mutu lazima ajue kwanza kama iko, na nani alimuambia?

Java yenyewe ilileta moduli zake ku Java 9, Septemba 2017, na faili ya module-info.java. Hapo kuna kitu napenda sana, kompaila, yenye kugeuza kodi kuwa programu, inakukatalia mapema, mbele programu iende kwa mteja. Lakini ku requires (mustari wa kusema unahitaji moduli gani) huwezi kuandika toleo unataka, kwa hiyo ile kazi ya matoleo inabaki kwa Maven ao Gradle, vyombo vya kujenga programu na kuvuta maktaba. Halafu tangu Java 17 milango ya ndani ya JDK, ile Java nzima ya badevelopa, imefungwa kabisa, maktaba za zamani zinaanguka, batu banakopi mistari ya --add-opens (ruhusa ya kufungua mulango) moja kisha ingine mu skripti mpaka hakuna mwenye anajua ya nini.

Manifesti haifai kuandikwa kwa mukono, nalisema kila mara na nitaendelea kulisema. Kuna bnd, chombo Peter Kriens alianzisha, inasoma klasi zako zenye zimekwisha kukompailiwa na inatafuta yenyewe pakiti gani unahitaji, inalinganisha pia API yako (sehemu yenye moduli zingine zinatumia) na toleo la nyuma na kukuambia kama namba ya toleo inapaswa kupanda. Kwa upande wa kodi unaweka alama za @Component na @Reference, basi, huduma zinaunganishwa. Bndtools, yenye kuweka bnd ndani ya Eclipse, inakutafutia hata orodha ya moduli za kuwasha. Kama masomo yangeanzia hapo, na manifesti ikaja nyuma kabisa, bengi bangebaki.

Na kwetu kuna jambo la mega za internet. Bale benye banajenga hizi platforme banafikiri konexio iko siku zote, Maven ya kwanza inavuta maktaba mpaka mega zako zinaisha. Mutu mumoja mu timu afanye amri ya Maven, mvn dependency:go-offline, yenye kuvuta maktaba zote mapema, ajenge mara moja kuhakikisha kila kitu kimekuja, akopi folda ya .m2/repository, kwenye Maven inaweka maktaba, ku flashi, bengine bajenge na mvn -o, bila konexio. Hii ingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa kila mwongozo.

Fikiria programu ya badeklaran (benye kufanya karatasi za duane) kule Kasumbalesa ku mupaka wa Zambia, mashine za zamani, konexio ya kubahatisha. Ukitumia jdeps kujua moduli gani za JDK unahitaji kweli, kisha jlink, unatoa Java ya makumi machache ya mega badala ya JDK nzima ya karibu mia tatu. Na tarifu ikibadilika, unatuma moduli ya tarifu peke yake, kafaili kadogo kenye kupita hata ku WhatsApp, bila kugusa faktire wala stoki. Jar kubwa haiwezi kukupa hiyo.

Nimeanza kukusanya makosa ya OSGi na ya module-info yenye kurudia-rudia, kila moja na maelezo yake mu Swahili yetu na kitu cha kufanya. Mwenye eko na moja yenye imemushinda anitumie vile ilivyo, mistari yote, bila kukata.