Nilivyoizuia programu ya Java kujaza kumbukumbu ya seva

Programu yenyewe ni ya ghala la mizigo hapa Busia, upande wa Uganda. Lori likiingia uani, karani anaandika namba ya gari, mzigo na ajenti wa forodha. Likitoka, anaandika tena. Imeandikwa kwa Java na inakaa kwenye seva ya kukodi yenye kumbukumbu ya GB 1. Nilipokabidhiwa ilikuwa ikizimika ghafla, hasa jioni malori yanapobanana, bila neno lolote kwenye logi yake, yaani faili inamoandika matukio yake.

Ukimya ule ndio ulionionyesha pa kuanzia. Java ikiishiwa hipu, yaani sehemu ya kumbukumbu vitu vya programu vinapoumbwa, hulalamika yenyewe kwa ujumbe wa OutOfMemoryError. Nikafungua dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, na kweli, kerneli hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiua programu kwa sababu mashine nzima imeishiwa kumbukumbu. Aliyeisimika mwanzo aliweka -Xmx900m. Namba hiyo ni kikomo cha hipu peke yake. Nje ya hipu kuna thredi, maelezo ya klasi na msimbo uliokwisha kutafsiriwa, na vyote vinakula kumbukumbu ile ile.

Nikaishusha hadi -Xmx512m. Mwenye ghala alishtuka.

"Mwanangu, inakufa kwa kukosa nafasi, nawe unaipunguzia?"

"Mzee, nataka ikifa iseme imekufa na nini."

"Si tukodi seva kubwa tu?"

"Hata hiyo itajaa, Mzee. Itachelewa tu."

Nikaongeza -Xlog:gc, inayoandika kila usafishaji wa hipu, na -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError, inayohifadhi picha ya hipu inapojaa, kisha nikawa nasoma logi kila jioni. Kilele cha matumizi hakinisumbui. Hipu kupanda na kushuka ni kawaida. Ninachotazama ni kiasi kinachobaki baada ya usafishaji kamili. Hapa kiasi hicho kilipanda kila siku na hakikurudi chini.

Usafishaji huo, uitwao ukusanyaji taka, ulianza na Lisp, lugha ya programu ya John McCarthy, mwishoni mwa miaka ya 1950, na kanuni yake kuu ingali ile ile: kinachoweza kufikiwa kutoka kwenye vigeu vilivyo hai hakiguswi. Mkusanyaji hana namna ya kujua kama bado unakihitaji. Ni kama mfagiaji wa soko la Busia: gunia ambalo mtu ameshika kamba yake halitupi, hata likiwa tupu. Kwa hiyo programu ya lugha yenye mkusanyaji bado inaweza kuvuja, yaani kushikilia kumbukumbu isiyoihitaji tena, na swali la kujiuliza ni moja: nani ameshika kamba?

Ilipoanguka tena, safari hii iliacha faili la picha ya hipu. Nikalihamishia kwenye laptopu na kulifungua kwa Eclipse Memory Analyzer, inayoonyesha kila kitu kinazuia kumbukumbu kiasi gani isiachiliwe. Sehemu kubwa ilishikwa na HashMap moja ya static, yaani jedwali la funguo na rekodi linaloishi muda wote programu inapoendeshwa. Kila lori lililoingia liliwekwa humo pamoja na nyaraka zake zote ili karani asisubiri hifadhidata. Lori likitoka, hakuna mstari uliolifuta.

Kishawishi cha kwanza ni kubadilisha iwe WeakHashMap, jedwali linaloachia rekodi ambayo ufunguo wake haushikwi tena na kitu kingine. Hapa isingesaidia hata kidogo, maana rekodi ya lori ilishikilia namba ile ile iliyokuwa ufunguo, na rekodi yenyewe inashikwa kwa nguvu na jedwali. Nikaandika remove kwenye hatua ya kutoka. Kwa malori ambayo karani husahau kuyatoa, nikatumia LinkedHashMap, jedwali linalokumbuka mpangilio wa kuingia, yenye removeEldestEntry, ili jedwali likifika kikomo lile la zamani zaidi liondoke; likihitajika linasomwa upya kutoka hifadhidata.

Tangu hapo kiasi kinachobaki kimetulia chini ya nusu ya hipu, jioni za msongamano zikiwemo, na Mzee anaendelea kulipia seva ile ile ndogo. Ile alama ya kutoa picha ya hipu nimeiacha ibaki. Ukiiweka, hakikisha diski ina nafasi, kwani faili lake linaweza kukaribia ukubwa wa hipu nzima, na lisipoenea utabaki bila ushahidi.