Kompyuta Kumi Zisizo na Diski

Kompyuta zilifika kituoni pale Mtoni kwa Azizi Ali zikiwa kumi, na hakuna hata moja yenye diski. Ofisi iliyozitoa ilikwishazing'oa zote kulinda siri zake. Mama mwenye kituo alikuwa ameshaandikisha wanafunzi, na diski za mtumba za Kariakoo, ambazo hujui itakufa ipi na lini, hakuwa na hela ya kuzinunulia.

"Mwanangu, hizi zitawaka kweli?"

"Zitawaka, mama. Niachie."

Wengi wangekimbilia NFS, mashine zisome mafaili yote kutoka kwenye seva, kompyuta moja inayozihudumia nyingine, kupitia waya. Mimi sikuitaka. Seva ikipotea, mashine zote zinaganda papo hapo zikiingoja, na seva yetu yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu yenye feni inayokoroma. Nilitaka kila mashine ibebe mfumo wake wote kwenye memori, ikishawaka iwe inajitegemea.

Kadi ya mtandao yenye PXE, yaani uwezo wa kuiwasha kompyuta kupitia mtandao, huomba anwani kwa DHCP, utaratibu wa kugawa anwani, kisha huchukua faili la kuanzia kwa TFTP, njia nyepesi ya kusafirisha mafaili. Kazi zote mbili niliipa programu ya dnsmasq kwenye seva. Ila TFTP ina mwendo wa kinyonga: kwa kawaida hutuma baiti 512, hungoja jibu, ndipo itume nyingine. Kwa hiyo huko nilipitisha kerneli, kiini cha mfumo, na initramfs ndogo tu, kifurushi cha kuanzia kinachopakiwa kwenye memori. Ndani ya initramfs niliweka busybox, programu ndogo yenye amri nyingi ndani yake, na skripti fupi: ivute kwa amri ya wget, kwa njia ya HTTP, ile ya kurasa za wavuti, faili moja lililobanwa la squashfs lenye mfumo mzima, iliweke kwenye tmpfs, sehemu ya memori inayotumika kama diski, ilipachike, halafu juu yake itandaze overlay, tabaka la kuandikia. Hapo ndipo usiku wangu mwingi ulipoishia, kupunguza lile faili. Mashine zilikuwa na memori ya gigabaiti 1, na LibreOffice, programu ya kuandikia barua na hati, lazima ienee humo humo pamoja na kazi ya mwanafunzi. Nikatoa lugha tusizozitumia, nikatoa miongozo, nikatoa madereva ya vifaa ambavyo hatuna, mpaka likashuka hadi megabaiti 250 hivi. Swichi ya megabiti 100 hupitisha megabaiti 12 na nusu kwa sekunde, basi mashine kumi zikiwaka pamoja ni dakika tatu na ushei. Nikaona inatosha.

Siku ya kuonyesha, mama alisimama nyuma yangu. Kioo cheusi, neno DHCP, nukta zikijipanga moja moja, kimkwaju (alama ya /) kikizunguka mwishoni mwake. Kisha kerneli ikamwaga maandishi yake, na dawati likatokea kwenye vioo vyote kumi. Wanafunzi wakaanza kuchapa barua.

Nikamwomba mama achomoe waya wa seva.

"Si zitazimika?"

"Chomoa tu, mama."

Akachomoa. Feni ikanyamaza. Binti aliyekuwa mstari wa mbele hakuinua hata kichwa. Aliendelea kuchapa, akabadilisha ukubwa wa herufi, akafungua kikokotoo. Mama alipita nyuma ya kila kiti akiangalia vioo, akarudi akanishika bega.

Nilimweleza wazi pia kwamba umeme ukikatika, kila kilichoandikwa kinapotea, maana memori haishiki kitu bila umeme. Jioni ile ile akanituma Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikanunue flashi, kila mwanafunzi na yake.